Vidole Viwili, Kila Saa Mbili

Mwanza, 9 Novemba 2024

Mpendwa Mjomba Ocira,

Huku wanasema shikamoo. Nyumbani ningepiga magoti. Chukua vyote viwili.

Naandika kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi, herufi kubwa kubwa, ili macho yako yasigombane na karatasi. Mume wangu Yasiin amechungulia akaniuliza kama namwandikia mnadi wa mitumba. Simu najua hutaki, maandishi yake huyaoni na kelele za soko la Ggaba hazikuachii nafasi ya kusikia. Sisi ni wazima. Yasiin bado yuko na lori lake, wiki Mwanza wiki barabarani. Mgeni wetu tunamtarajia Machi, inshallah, na tumbo limeanza kutangulia mlangoni kabla yangu.

Sasa fungua boksi. Chupa mbili hizo ni krimu ya kuzuia jua. Tunaitengeneza hapa karakanani kwetu kwa ajili ya watu wenye ualbino, na hizi mbili nimezikoroga kwa mikono yangu. Unakumbuka jinsi nilivyokuwa nikikubandua ngozi ya shingo jioni, nina miaka saba, mama ametoka kufariki? Nilidhani kila mtoto hufanya hivyo kwa mjomba wake. Nilisomea dawa kwa sababu ya ile shingo.

Kipimo ni hiki: kamulia krimu kwenye vidole viwili, kutoka shina mpaka ncha. Hicho ndicho kiasi cha uso, masikio na shingo. Paka robo saa kabla ya kutoka. Rudia kila baada ya saa mbili, hata kukiwa na mawingu, maana mawingu hayazuii kila kitu.

Wiki hii nimeona jambo nikashika meza. Wametuletea kamera inayoona ule mwanga wa jua usioonekana kwa macho, ndio hasa unaochoma. Nilijipaka krimu nusu ya uso. Kwenye kioo, hakuna kitu, ni Shamirah yule yule. Kwenye kamera nusu ya uso wangu ilikuwa nyeusi tii kama chini ya sufuria, kwa sababu pale mwanga unamezwa wala haurudi. Nilisimama pale mpaka wenzangu wakanicheka. Mjomba, kumbe siku zote hizo ulikuwa ukinyeshewa na mvua ambayo hakuna mtu aliyeiona!

La mwisho ndilo la kwanza. Nusura, muuza samaki wa hapo sokoni kwako, alinipigia. Anasema una kidonda kwenye sikio la kushoto tangu Julai na hakikauki. Kwa ngozi yako, kidonda cha jua kisichopona huenda ni saratani. Kikikatwa mapema, mambo yanaisha. Kikiachwa kinashuka shingoni, na huko kinaua. Daktari Helen, niliyesoma naye, yuko hapo hapo mjini. Nenda. Nijibu hilo kabla ya jingine lolote.

Mwanao,
Shamirah


Ggaba, 1 Desemba 2024

Kwa binti yangu Shamirah,

Naripoti kwamba mzigo umefika, chupa mbili, hazijavuja. Ulilala siku tisa Kisenyi kwa Abdul-Karim wa vifurushi. Yeye alikuwa akingoja nipite, mimi nilikuwa nikingoja atume mtu. Wazee wawili wazima.

Hapa ni salama. Mvua zimetusumbua, lakini wiki hii mbingu zimefunguka. Kazi ni ile ile: natandaza mukene, hao mnaowaita dagaa, kwenye nyavu juu ya mchanga, nawageuza, nawafukuza makalooli, yale mandege makubwa yenye vipara. Bila jua mukene wanaoza. Kwa hiyo jua ndilo linanilisha na ndilo linanila. Msalimie Yasiin, na huyo wa tumboni mwambie babu yake anamtafutia jina.

Sasa ripoti ya krimu. Unanijua, siamini mtu bila ushahidi. Polisi walinikataa kwa kuwa siwezi kusimama gwaride juani, lakini baba yangu alikuwa polisi na upelelezi uko kwenye damu. Nikapaka mkono wa kulia peke yake, wa kushoto nikauacha. Saa kumi jioni nikaiweka pamoja. Wa kushoto ulikuwa umeiva kama nyanya. Wa kulia ulikuwa kama umeshinda kanisani. Shamirah, nilikaa chini kwenye mchanga, mukene nikawasahau, kalooli mmoja akala mpaka akashiba.

Mwalimu wetu alituambia kwamba mwanga wa jua unasafiri dakika nane kutoka huko mpaka hapa, na hakuna risasi inayokwenda kasi hiyo. Safari yote ile, mtoto wangu, halafu unazuiwa mlangoni na kitu chembamba kuliko ganda la kitunguu! Nina miaka hamsini na nane na nimeogopa kwa furaha. Sikujua mtu anaweza kuogopa hivyo.

Lakini vidole viwili ni ufujaji. Nimeiongeza na moo yaa, yale mafuta ya njugu za porini kutoka Kitgum. Bibi yako Sitti, Mnubi kamili, alipoolewa na Mwacholi alikubali jambo hilo moja bila ubishi: kitu cha kumlinda mtu hakimgusi mtoto mpaka kipite kwenye moo yaa, ndiyo baraka yake. Nimechanganya krimu moja kwa moo yaa tatu. Sasa inatosha watu sita wa rangi yangu, wa hapa Ggaba na wa Kasubi, wanaokuja kwangu kila Jumamosi. Nakutumia kikopo. Karakana yenu ikipenda inaweza kuiga.

Hayo mengine uliyouliza: Nusura ana mdomo. Kofia imenichubua tu.

Mjomba wako,
Ocira


Mwanza, 4 Januari 2025

Mpendwa Mjomba,

Heri ya mwaka mpya, na pole na upweke wa Krismasi. Nusura ameniambia alikupelekea pilau, ukala, kofia kichwani. Mimi nimevimba miguu, ila nafanya kazi nikiwa nimekaa. Yasiin amenunua kitanda cha mtoto chenye magurudumu, nadhani amezoea lori.

Kikopo chako kilifika. Nilikicheka kwanza, kikaniletea harufu ya nyumbani mpaka machozi yakanitoka. Halafu nikapaka mkono wa kushoto mchanganyiko wako, wa kulia krimu tupu, nikaiweka mbele ya kamera.

Wa kulia ulikuwa mweusi kote. Wa kushoto ulikuwa chujio. Madoa madoa, na katikati ya madoa ngozi iko wazi kabisa, mwanga unaingia na kutoka unavyotaka. Nimeambatisha picha, itazame kwa lenzi. Krimu hii ni unga wa zinki uliotawanywa sawasawa kama rangi ukutani. Ukiizidishia mafuta, unga unakimbiliana, unajikusanya huku na kule, panabaki mianya. Mjomba, watu sita wanatembea juani Kampala wakijiamini, na wamevaa chujio!

Sikulaumu. Kosa ni langu, nilikuambia upake kiasi gani, sikukuambia kwa nini. Baraka ya bibi sibishani nayo. Paka moo yaa usiku, peke yake, uombe. Mchana vidole viwili, kila saa mbili. Ndani ya boksi kuna chupa kumi na mbili, ufujaji uwatoshe wote.

Na kofia haichubui mtu miezi sita. Mjomba, ulinilea mimi, nakujua ukidanganya. Unaandika sentensi fupi.

Mwanao,
Shamirah


Ggaba, 2 Februari 2025

Kwa binti yangu Shamirah,

Nimepokea makaripio yako nikiwa nimesimama wima. Hatujambo. Jua la Februari halina dini, linapiga Mwislamu na Mkristo. Miguu yako iweke juu ya mto ukilala, mama yako alifanya hivyo ukiwa tumboni.

Ile picha nimeibandika ukutani. Jumamosi nikawakusanya wale sita nikawasomea mashtaka yangu mwenyewe. Nikawaambia: nilidhani nawagawia krimu, kumbe nilikuwa nawagawia matundu. Gradi, yule msichana wa Kasubi anayeshona sare za shule, akaishika ile picha karibu na pua muda mrefu. Akasema, "Sasa mzee, siku zote hizi ulikuwa unatupaka supu ya maji?" Tukacheka, lakini mimi nilicheka nikiwa na aibu. Kila mmoja ameondoka na chupa yake, na kila mmoja amenyoosha vidole viwili nikakagua.

Sikiliza ajabu nyingine. Jumatano nilishinda chini ya mwavuli mkubwa wa Nusura, sikutoa hata kidole nje. Uso nilikuwa nimepaka, chini ya kidevu sikupaka, nani anapaka chini ya kidevu? Jioni kidevu kinawaka moto. Nilifikiri sana. Kisha nikatazama ziwa, linametameta hadi macho yanauma, nikaelewa: jua linapiga maji, linaruka, linaingia chini ya mwavuli kutoka chini kama mwizi anayejua nyumba. Miaka thelathini nimekaa kando ya maji haya, na sikujua yananitazama. Na ni ziwa hilo hilo liko mlangoni kwako Mwanza. Nilivua kofia kwa heshima.

Nikaivaa upesi, kwa sababu Nusura alikuwa pale. Akanipigia kelele mbele ya wateja, "Mzee, wewe unaficha nini huko ndani, zahabu? Toa tuone!" Nikamwambia, "Nyabo, uza samaki yako." Akasema, "Mimi nitauza, lakini wewe utakufa na kofia yako."

Kuhusu sikio: linasikia vizuri.

Unamkumbuka Oloya, wa rangi yangu, aliyekuwa akikuletea miwa kila Pasaka? Alikwenda kukatwa shavu. Tulimrudisha ndani ya sanduku. Nimeandika hilo na sitaki kuandika zaidi.

Nihesabie siku za Machi.

Mjomba wako,
Ocira


Ggaba, 6 Aprili 2025

Kwa Shamirah,

Machi imekwisha. Idi imepita, Nusura ameniletea sahani na hakuna neno lako juu yake. Abdul-Karim nimemwendea Kisenyi mara tatu, anasema mabasi ya mpakani Mutukula yanafika lakini hayana barua yangu. Nusura akikupigia unasema "tuko wazima" na unakata. Hiyo ni sentensi fupi, binti yangu. Na mimi nakujua.

Mtoto yuko wapi? Amezaliwa? Yuko hai? Kama kuna msiba tuambie tulie pamoja, watu hawalii kwa zamu. Andika hata mstari mmoja, wa kalamu yoyote.

Ocira


Mwanza, 11 Mei 2025

Mjomba wangu,

Barua hii ameibeba Nusura mwenyewe. Alikuja Mwanza kutazama bei za dagaa, akanikuta, akaona. Nimemwapisha aikabidhi mkononi mwako. Nilinyamaza kwa sababu barua zetu hupita kwa makondakta na wapakiaji, na huku kuna watu ambao jambo kama hili hawapaswi kulijua kabla hatujajua wa kumwamini. Unaelewa. Wewe ulifungiwa ndani na bibi mpaka ukafika miaka sita.

Tumepata mvulana, tarehe 14 Machi, usiku wa Ijumaa. Tumemwita Hamim. Ana rangi yako.

Mkunga alimwinua, akamwita mwenzake aje atazame. Mimi nilidhani amekufa. Kisha nikaona nywele, nyeupe kama pamba iliyofumuka, na kope zimeng'aa, na nikasema kwa sauti, "Huyu ni Mjomba." Wakadhani nimechanganyikiwa. Yasiin aliingia, akamtazama, akatoka nje, akarudi amenawa uso. Akasema kwao pia yuko shangazi wa hivyo, hawakuwahi kumtaja. Mbegu imetoka pande zote mbili, ikakutana kwangu. Hivyo ndivyo inavyokuwa, nimesoma kwenye vitabu na nimefundisha wengine, na bado nilipomshika nilishangaa kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

Sasa nisikilize. Mimi ni mtengenezaji wa krimu. Naijua kwa mizani na kwa kamera. Na kwa mtoto huyu haifai mpaka afike miezi sita, mpaka hapo ni kivuli, nguo na kofia tu. Kivuli, Mjomba! Mimi najua nini juu ya kivuli? Sijui mtu anavukaje uwanja saa sita. Sijui anawajibu nini wenzake wakimwita namagoye, lile tusi la rangi yenu. Sijui anasomaje ubao asiouona. Hakuna chuo kinachofundisha hayo, na mtu mmoja tu katika ukoo huu anayajua, naye ameficha sikio chini ya kofia.

Sikuombi uende hospitali kwa ajili yako. Nimeshaomba hivyo mara mbili. Namtaka mwalimu wa mwanangu, na namtaka akiwa hai.

Shamirah


Ggaba, 20 Juni 2025

Kwa Shamirah, Yasiin na Bwana Hamim,

Naripoti ukweli wote, na safari hii sentensi zitakuwa ndefu.

Kidonda kilianza Julai mwaka jana, kidogo kama kichwa cha njiti, kikaganda, kikadondoka, kikarudi. Kufikia Krismasi kilikuwa kama punje ya haragwe. Chupa zako zilipofika nilikuwa nakipaka krimu kila usiku, nikidhani kinachozuia jua kitafukuza pia kilichoachwa na jua. Hakikupona. Sikukuambia kwa kuwa nilimwona Oloya, na kwa kuwa mtu akiishi muda mrefu akijificha, anazoea kuficha kila kitu.

Nusura alinisomea barua yako, maana macho yangu siku ile hayakufaa. Alipofika pale "ana rangi yako" nilimwambia arudie. Akarudia. Nikavua kofia mwenyewe, katikati ya soko, saa tano asubuhi. Nusura akatazama sikio, akashika mdomo. Akasema, "Kale, haya, tunaenda. Sasa hivi. Samaki itakaa." Akamwachia jirani meza yake, akanipeleka mpaka kwa Helen nikiwa na magamba kwenye mikono.

Helen alichukua kipande, akakipeleka kupimwa. Ni ile uliyoitaja. Wiki mbili baadaye wakanikata. Nusu ya juu ya sikio la kushoto imekwenda, nami nilikuwa macho, wameniganzisha tu, nikisikia mkasi kama mtu anakata kitambaa chumba cha pili. Juzi majibu yamerudi: kingo zote ni safi, shingoni hakuna kitu. Helen alinieleza kwamba Oloya alifika kwao ikiwa imeshashuka, kwamba si kisu kilichomuua bali miezi aliyoipoteza njiani. Miezi kumi na moja nimemwogopa daktari asiye na hatia.

Mukene nimeacha. Natunza mizani ndani ya ghala la Nusura, chini ya bati, dirisha liko upande wa nchi kavu na ziwa halinioni. Nilipofunguliwa bandeji nilitoka nje nimepaka vidole viwili, nikasimama kidogo tu mlangoni. Jua lilikuwa pale pale, kubwa, zuri. Sina ugomvi nalo tena, ila sasa tunaamkiana kwa mbali.

Mleteni mtoto.

Mjomba wenu,
Ocira


Ggaba, 17 Agosti 2025

Kwa Shamirah,

Nusura anasema mmevuka Mutukula salama. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimepata soksi moja ya Hamim chini ya kiti na sitairudisha.

Mlipokuwa hapa sikuweza kusema, nilikuwa natazama. Nimeishi miaka hamsini na nane na sijawahi kuona mtu wa damu yangu mwenye rangi yangu. Nilikuwa najidhania kosa la mara moja, kama mstari uliopotoka katika kuandika. Ukamweka mapajani mwangu. Nikaona kope zangu. Nikaona macho yake yakicheza cheza kama yangu, yakinitafuta ndani ya ule ukungu ambao ni sisi wawili tu tunaoujua, nami nikajua la kufanya bila kufundishwa: nikasogeza uso karibu, karibu kabisa, mpaka akaniona.

Nimeanza daftari lake, kwa kalamu nene uliyoniachia. Ukurasa wa kwanza ni vivuli. Asubuhi, tembea upande wa mashariki wa barabara, nyumba zikuzibie. Kuanzia saa nne mpaka saa kumi, usikubali kutumwa bila kofia pana, na anayekutuma mjibu kwa adabu kwamba utakwenda jioni. Saa sita usitafute kivuli cha ukuta, hakipo, ingia ndani. Ukikaa karibu na maji, paka chini ya kidevu. Ukurasa wa pili ni majina watakayokuita na majibu yake, hayo nitayaandika polepole kwa sababu mengine yana matusi.

Ila kuna jambo moja nataka ulikumbuke pamoja nami, lile la siku ya mwisho, mkiwa mmeshafunga mizigo. Alinyoosha mkono kwenye sikio langu la kushoto. Akapapasa juu, hakuna kitu. Akapapasa tena, amekunja uso kama afisa aliyekuta ghala tupu. Kisha akahamia la kulia, akalikamata, akalivuta kwa nguvu zote za miezi mitano hadi nikapiga kelele, na Nusura akaruka kutoka jikoni na mwiko mkononi:

"Banange, Hamim, wacha hio! Mzee amebaki na moja!"

Sikumwondoa mkono. Avute tu. Ndilo nililomwekea.

Mjomba wako, wa sikio moja na nusu,
Ocira